Uliza Ujibiwe: Viumbe wa Chumvi, Moto na Kilindi cha Bahari

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu wakazi wa bahari ambao jicho haliwaoni, hasa wale wanaoishi mahali ambapo kwa akili ya kawaida hapakaliki. Nimechagua sita na kuzifupisha bila kubadili maana yake. Nimeanza na ile iliyonigusa zaidi, kwa sababu mwandishi wake anawaona viumbe hao kila msimu wa kazi bila kujua kwamba ni viumbe.

SWALI: Ninavuna chumvi katika majaruba ya pwani. Siku chache kabla ya chumvi kuganda, maji hugeuka rangi ya waridi, na jua likiwa kali sana huwa mekundu kama juisi ya rozela. Wazee wetu husema hapo ndipo maji yameiva. Lakini mwaka huu mnunuzi mmoja aliniambia kwamba huo ni uchafu, akataka kunipunguzia bei. Je, ni uchafu? (Mvuna chumvi, Lindi)

JIBU: Si uchafu, ndugu yangu, na wazee wenu wamesema kweli. Wekundu huo ni viumbe hai, tena kwa idadi kubwa mno, na kuonekana kwao ni dalili kwamba maji yamekolea kiasi cha kukaribia kutoa chumvi.

Maji ya kawaida ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Unapoyafungia katika jaruba la kwanza, ukayahamishia la pili na la tatu, jua na upepo huyapunguza hadi, yakifika katika jaruba la kuvunia, chumvi huwa imekolea karibu mara kumi. Njiani humo samaki, kamba na mwani wa kawaida hufa, kwa kuwa chumvi huwanyonya maji mwilini kama inavyomnyonya samaki unayemtia chumvi ili umwanike. Wanaobaki ni wachache wa aina lakini wengi wa idadi. Mmoja ni mwani mdogo sana uitwao Dunaliella salina, ambao hujikinga kwa kujijaza gliserini ndani ya seli na kwa kutengeneza rangi ya machungwa ileile iliyomo katika karoti. Wengine, ambao ndio hutawala chumvi inapoanza kuganda, ni arkea wapenda chumvi.

Neno arkea linahitaji maelezo. Hadi miaka ya 1970 viumbe wote wadogo wasio na kiini ndani ya seli walihesabiwa kuwa bakteria. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walilinganisha sehemu za mitambo ambayo seli hutumia kutengenezea protini, wakagundua kwamba baadhi ya viumbe hao wako mbali na bakteria kwa nasaba, ingawa kwa umbo wanafanana nao. Hao ndio arkea. Wapenda chumvi wa jaruba lako wamo katika ukoo huo, na mbinu yao ni tofauti na ya yule mwani: hujaza ndani ya seli zao chumvi ya potasiamu kwa wingi unaolingana na chumvi ya sodiamu iliyoko nje, hivyo maji hayana sababu ya kuwatoka. Protini zao zimeumbwa kufanya kazi ndani ya chumvi hiyo, na zikikosa chumvi hupoteza umbo. Ndiyo maana ukichota maji yako mekundu na kuyamimina katika ndoo ya maji ya kisima, viumbe hao hupasuka na kufa. Maji tunayoyaita matamu ndiyo sumu yao.

Baadhi yao wana jambo jingine la ajabu. Wana protini ya zambarau, bakteriorodopsini, iliyotambuliwa mwaka 1971, ambayo imefungamana na kiambata kilekile cha vitamini A kinachotuwezesha sisi kuona. Mwanga ukiipiga, protini hiyo husukuma protoni, chembe ndogo mno zenye chaji chanya, nje ya seli, na msukumo huo hugeuzwa kuwa nishati. Kiumbe huyo anaipata nishati ya jua bila klorofili. Mwaka 1980 mtafiti Anthony Walsby aliwaelezea wengine, kutoka kidimbwi cha chumvi katika rasi ya Sinai, ambao ni wembamba na wa mraba kabisa, kama vigae. Baadaye viumbe hao walionekana katika majaruba ya chumvi ya nchi nyingi.

Mwambie basi mnunuzi wako kwamba rangi hiyo inakufaa wewe na yeye pia: maji mekundu hushika joto la jua kuliko maji meupe, hivyo hukauka upesi zaidi. Chumvi ikishavunwa, isuuze kwa maji ya chumvi yaliyokolea, ambayo hayaiyeyushi, na sehemu kubwa ya rangi itaondoka.

Nina onyo moja, nalo si la chumvi bali la samaki. Arkea hawa husafiri ndani ya punje za chumvi wakiwa hai, kwa hiyo huingia katika ng'onda na papa wa chumvi. Penye joto na unyevu huanza kuila protini ya samaki, na hapo ndipo mnapoona madoa ya waridi juu ya nyama, ikifuatiwa na ulaini na harufu mbaya. Samaki wa namna hiyo ameharibika, wala kumwongeza chumvi hakusaidii, kwani huko ni kuwaongezea wapenda chumvi makao. Kinachosaidia ni kumkausha vizuri na kumweka penye ubaridi.

SWALI: Mwalimu wetu alitufundisha kwamba uhai wote hutegemea jua, kwa kuwa mimea hutengeneza chakula kwa mwanga. Lakini nimesoma kwamba chini kabisa ya bahari, kwenye giza, kuna viumbe wengi. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga)

JIBU: Mwalimu wako alikufundisha jambo ambalo karibu kila mwanasayansi aliliamini hadi mwaka 1977. Mwaka huo wanajiolojia waliokuwa wakitafuta chemchemi za maji moto karibu na visiwa vya Galápagos walishuka kwa nyambizi ndogo iitwayo Alvin hadi kina cha takriban mita 2,500. Chemchemi walizipata. Wasichokitarajia ni kwamba zilizungukwa na makombe makubwa, kaa, na minyoo warefu wanaokaa ndani ya mirija myeupe huku wakitoa vishungi vyekundu. Katika msafara huo hapakuwa na mwanabiolojia hata mmoja, kwa kuwa hakuna aliyedhani angehitajika, na dawa ya kuhifadhia viumbe ilikuwa kidogo sana hata baadhi yao wakahifadhiwa katika vodka iliyokuwa imenunuliwa Panama.

Walipofungua chupa za maji waliyoyachota kule chini, maabara ya meli ilijaa harufu ya mayai viza. Wewe wa Tanga unaijua harufu hiyo. Nenda kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, zamisha mguu katika tope jeusi, kisha uutoe: harufu inayopanda ndiyo hiyo, ni gesi ya hidrojeni salfaidi. Katika mikoko gesi hiyo hutengenezwa na bakteria wanaoozesha majani ndani ya tope lisilo na oksijeni, wakitumia salfeti ya maji ya bahari mahali pa hewa. Katika chemchemi za kilindini hutoka miambani, pale maji ya bahari yanapopenya nyufa, yakapashwa joto na miamba iliyo karibu na magma, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto, yakarudi juu yamebeba madini na gesi.

Hidrojeni salfaidi ni sumu kwetu, lakini ina nishati ndani yake. Mrusi Sergei Winogradsky alikwisha kuonyesha tangu miaka ya 1880 kwamba wako bakteria wanaoiunguza salfa hiyo kwa oksijeni na kuishi kwa nishati inayopatikana. Kazi ya namna hii huitwa usanisikemia: kiumbe hutengeneza chakula kutokana na kaboni dioksaidi, kama mmea, ila nguvu yake haitoki kwenye mwanga bali kwenye kemikali. Ilikuwa elimu ya vitabuni hadi wale minyoo walipochunguzwa. Wana urefu unaofikia karibu mita mbili, lakini hawana kinywa wala utumbo. Mwaka 1980 mtafiti wa minyoo, Meredith Jones, alikuwa akitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard, akataja kwamba ndani ya miili yao alikuta fuwele za salfa. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu, Colleen Cavanaugh, alisimama palepale akasema kwamba bila shaka mnyoo ana bakteria ndani yake wanaokula salfaidi na kumlisha. Mwaka uliofuata alichapisha ushahidi. Kishungi chekundu hubeba oksijeni na salfaidi kwa damu, na bakteria waliojaa katika kiungo maalumu ndani ya mwili humtengenezea mnyoo chakula. Nakuandikia kisa hiki kwa kirefu kwa sababu Cavanaugh alikuwa mwanafunzi kama wewe, naye alisema wazo lake mbele ya watu.

Mwalimu wako, hata hivyo, hajashindwa moja kwa moja. Oksijeni ambayo bakteria wa minyoo huitumia kuunguza salfa ilitolewa na mimea na mwani kwa mwanga wa jua, kisha ikateremka na maji baridi hadi kilindini, kwa hiyo jua lina mkono wake hata huko. Wasiolihitaji kabisa ni arkea fulani wa chemchemi hizohizo, wanaochukua hidrojeni itokayo miambani, wakaiunganisha na kaboni dioksaidi na kutoa methani. Hao wangeendelea na kazi yao hata jua likizimika leo, ilimradi maji yasigande.

SWALI: Je, katika Bahari ya Hindi yetu kuna chemchemi za namna hiyo? Na viumbe hao hawaivi kwa joto? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ziko. Mwaka 2000 watafiti wa Japani, kwa kutumia chombo cha kuongozwa kutoka melini kiitwacho Kaikō, walifikia uwanja wa chemchemi walioupa jina Kairei, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Rodrigues, katika kina cha karibu mita 2,400. Huko maji hutoka katika dohani za mawe yakiwa na joto la takriban nyuzi 360, meusi kwa chembe za madini yanayoganda mara tu yanapokutana na maji baridi. Hayachemki, kwa sababu uzito wa bahari iliyo juu yake huyazuia, kama mfuniko wa sufuria ya presha unavyofanya, ila kwa nguvu kubwa zaidi.

Hakuna anayeishi katika nyuzi 360. Maisha yako kwenye kuta za dohani, pale moto na baridi vinapokutana, na kila aina ya kiumbe hukaa mahali panapokifaa. Kutoka Kairei ndiko alikopatikana arkea anayeshikilia rekodi ya joto hadi sasa, Methanopyrus kandleri wa uzao uliopewa namba 116, ambaye mwaka 2008 Ken Takai na wenzake waliripoti kwamba aliendelea kukua na kugawanyika katika nyuzi 122, mgandamizo ukiwa sawa na wa kilindini. Nyuzi 121 kwa dakika 15 ndicho kipimo kinachotumika hospitalini kuua vijidudu vyote kwenye vifaa vya upasuaji. Huyu hujizalisha katika joto hilo, na likishuka chini ya nyuzi 90 haongezeki tena.

Haivi kwa sababu kuiva ni kufumuka kwa protini. Ute wa yai ni maji yenye protini zilizokunjwa. Ukiupasha joto zinakunjuka, zinanasana, na ute unakuwa mweupe na mgumu, wala haurudi tena kuwa ute. Protini za arkea huyu zimekunjwa kwa kubana zaidi na kushikizwa kwa vifungo vingi vya ziada baina ya sehemu zake. Utando wa seli yake nao umejengwa kwa mafuta ya aina nyingine, ambayo viungo vyake havikatwi upesi na maji ya moto. Uimara huo umetufaa: kimeng'enya cha kunakilia DNA kiitwacho Pfu, kinachotumika maabara nyingi duniani, kilitoka kwa ndugu yake wa mbali, Pyrococcus furiosus, aliyeokotwa katika mchanga wa moto chini ya bahari kando ya kisiwa cha Vulcano, Italia.

Niongeze neno kuhusu jirani wa arkea hao pale Kairei. Yuko konokono aliyeonekana mara ya kwanza mwaka 2001, ambaye mguu wake umefunikwa kwa magamba, na magamba hayo pamoja na gome lake yamepakwa salfaidi ya chuma. Hakuna mnyama mwingine hai ajulikanaye anayevaa chuma namna hiyo. Yeye pia hulishwa na bakteria walio ndani ya mwili wake. Mwaka 2019 aliingizwa katika Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini kutoweka, akiwa wa kwanza kuorodheshwa kwa tishio la uchimbaji wa madini katika sakafu ya bahari, kwa kuwa dohani anazoishi zina shaba, zinki na dhahabu, na Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari yenye makao yake Kingston, Jamaica, imekwisha kutoa leseni za utafutaji katika Bahari ya Hindi. Chemchemi anazokaa zinahesabika kwa vidole. Kwa maoni yangu, nchi za pwani yetu, ambazo ni wanachama wa Mamlaka hiyo, zina haki na wajibu wa kulisema jambo hili kwa sauti kabla mashine haijashushwa.

SWALI: Mimi ni mzamiaji. Nikifika mita 20 masikio yananiambia habari yake. Inakuwaje kiumbe asiyeonekana asipondwe katika mita 10,000? (Mzamiaji, Unguja)

JIBU: Masikio yako yanauma kwa sababu yana hewa ndani, na hewa husinyaa ikibanwa. Bakteria hana hewa. Maji yako nje na maji yako ndani, kwa hiyo hapondwi. Katika Korongo la Mariana, Bahari ya Pasifiki, mgandamizo hupita mara 1,000 wa ule wa juu, sawa na kuweka zaidi ya tani moja juu ya ukucha wa kidole chako. Tabu anayoipata kiumbe huko si ya kupondwa bali ya kuganda.

Chukua chupa mbili, moja ya mafuta ya nazi na nyingine ya alizeti, uzipeleke Lushoto mwezi wa Julai. Asubuhi mafuta ya nazi yatakuwa yameganda meupe, na ya alizeti bado yanatiririka, kwa sababu nyuzinyuzi za mafuta ya nazi zimenyooka na hupangana kwa urahisi, ilhali za alizeti zina mikunjo isiyoziruhusu kubanana. Utando wa kila seli ni mafuta, nao lazima uwe laini ili vitu vipite. Mgandamizo mkubwa huugandisha kama baridi inavyofanya. Bakteria wa kilindini hujenga tando zao kwa mafuta yenye mikunjo mingi, ya namna ya alizeti, na protini zao pia hufanya kazi penye mgandamizo. Mwaka 1981 Aristides Yayanos na wenzake waliripoti bakteria kutoka Korongo la Mariana ambaye hawezi kabisa kukua katika mgandamizo wa huku juu.

Bakteria wa juu wakiteremshwa huko hulemaa. Tarehe 16 Oktoba 1968 ileile nyambizi Alvin ilizama kwa bahati mbaya pwani ya mashariki ya Marekani, mfuniko ukiwa wazi. Watu walitoka salama, chakula chao kikabaki ndani. Ilipoinuliwa mwaka uliofuata kutoka kina cha zaidi ya mita 1,500, baada ya miezi zaidi ya kumi, mikate yenye soseji ilikuwa imelowa maji ya bahari lakini haijaoza, matofaa yalikuwa kama yaliyochumwa karibuni, na supu ndani ya chupa ilikuwa bado inalika. Kilipowekwa katika jokofu la maabara, chakula kilekile kiliharibika katika wiki chache. Mtaalamu wa bakteria Holger Jannasch alianza hapo miaka mingi ya majaribio kuhusu kuoza kwa vitu kilindini.

SWALI: Ni kweli kwamba Bahari ya Shamu ina maziwa ndani yake? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Ni kweli. Katika sakafu yake yako mabonde yaliyojaa maji ya chumvi iliyokolea mno, mazito kiasi kwamba hayachanganyiki na bahari iliyo juu, nayo yana uso na ukingo kama ziwa. Linalojulikana zaidi, lililoitwa Atlantis II kwa jina la meli ya utafiti, liko katika kina cha takriban mita 2,000, lina chumvi kama mara saba ya bahari na joto la karibu nyuzi 68, na halina oksijeni. Samaki akitumbukia hufa. Viumbe wadogo hujazana hasa kwenye mpaka wa maji hayo mawili, ambapo chakula hutoka upande mmoja na oksijeni upande mwingine.

SWALI: Viumbe hawa wanaweza kukaa muda gani bila chakula? (Mwalimu wa sayansi, Bukavu)

JIBU: Mwalimu, jibu la swali lako lilitolewa mwaka 2020 na Yuki Morono wa Japani pamoja na wenzake. Katikati ya Pasifiki ya Kusini maji ni maskini kiasi kwamba vumbi na mabaki yanayotua chini hayajengi zaidi ya mita moja au mbili za tope kwa kila miaka milioni. Watafiti walitoboa tope hilo hadi mita 75 chini ya sakafu, walikokuta mashapo ya miaka milioni 101.5, yaliyotua dinosaria wakiwa bado wanatembea nchi kavu. Ndani yake mlikuwa na bakteria, wachache sana, wakiwa wamefungiwa katika udongo uliobana hata wasiweze kupita kwenda popote, lakini wenye oksijeni kidogo.

Watafiti walichukua vipande vya tope hilo, wakavipa sukari, amonia na vyakula vingine vilivyowekewa alama ya kaboni na naitrojeni nzito, ili wajue kwa hakika ni seli zipi zimekula. Hawakuwa wakitafuta mbegu zilizolala, kwani bakteria wengi waliowakuta si wa aina inayojifunga ndani ya ganda na kusubiri. Walikuwa seli za kawaida, zinazotumia nishati kidogo mno, pengine kwa kukarabati tu kile kinachoharibika ndani yao. Baada ya wiki chache alama zile zilionekana ndani ya seli nyingi za sampuli, hata za tope lile la kale kuliko yote, na seli zilikuwa zimeanza kugawanyika.